Motokari Inayovuja Esanse

1. Harufu ya asubuhi

Jumamosi moja, mapema, motokari ndogo ya zamani iliingia katika uwanja wa garaji yetu. Ilikuwa Volkswagen ya aina ile ambayo watu huiita Coccinelle, kwa kuwa mgongo wake wa mviringo wafanana na mdudu. Mwenyewe ni mwalimu mzee aliyekwisha kupumzika kazini. Alikuwa amepanda kutoka Uvira, vioo vyote vimeteremshwa, naye alishuka akijifuta macho.

"Fundi," akasema, "motokari yangu yanuka esanse. Juzi niliona matone chini yake, nikafunga mahali pale kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Nikazie kidogo tu mpira ule, niende zangu. Kesho namchukua binti yangu na mtoto wake mchanga kutoka maternite."

Fundi akainama, akatazama chini ya motokari, akanusa. Kisha akanyosha mkono.

"Baba mwalimu, tafadhali unipe ufunguo. Motokari hii haitawashwa tena mpaka tujue inavuja wapi."

Mzee hakufurahi. Lakini alimpa ufunguo. Ninyi watoto, fuateni sasa kazi ya fundi huyo hatua kwa hatua, mpate kuelewa kwa nini alikataa kukaza mpira tu.

2. Esanse si kama petroli ya taa

Nyumbani mwaona petroli ya taa kila jioni. Petroli ya taa ikiwa baridi haishiki moto upesi bila utambi. Esanse sivyo. Esanse hugeuka mvuke daima, mchana na usiku, kwenye joto na kwenye baridi. Hata katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, yatoa mvuke wa kutosha kushika moto. Basi, kwetu sisi penye joto, itakuwaje?

Mjue neno hili: si esanse ya majimaji inayowaka kwanza, ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea kama moshi. Hushuka, hutambaa chini, huingia katika mashimo na mifereji, huweza kufika mbali penye jiko la makaa. Hapo hushika moto, na moto hurudi mbio kwa njia ile ile mpaka kwenye motokari. Mtu aweza kusema, "Jiko langu liko mbali," kumbe mvuke umekwisha kulifikia.

Watu wa bonde la Ruzizi wayajua maneno haya kwa machozi. Tarehe 2 Julai 2010, kamyo ya tangi iliyojaa esanse ilipinduka katika mji mdogo wa Sange, kwenye njia ya Uvira na Bukavu. Esanse ikaanza kuvuja. Watu wengine walikimbilia kuichota kwa mabidoni. Wengine hawakugusa hata tone moja. Walikuwa wamekaa ndani karibu na hapo wakitazama mchezo wa mpira katika televisheni. Moto ukawaka ghafula, ukawakumba wote pamoja. Walikufa watu zaidi ya 200, na kati yao watoto wengi.

Motokari ya mwalimu haikuwa kamyo ya tangi. Lakini tangi la Coccinelle lachukua lita 40 hivi, nazo zatosha kabisa kuteketeza motokari na wote waliomo.

3. Njia ya esanse

Mtu anayetaka kujua maji yapotea wapi hufuata mfereji toka chemchemi hadi shamba. Vivyo hivyo, anayetafuta mvujo wa esanse sharti aijue njia yake yote.

Katika motokari nyingi moteri iko mbele na tangi liko nyuma. Coccinelle ni kinyume: tangi liko mbele, moteri iko nyuma. Kwa hiyo esanse husafiri hivi:

Kwanza, yatoka chini ya tangi, yapita katika bomba fupi la mpira.

Pili, yaingia katika bomba jembamba la chuma lipitalo katikati ya motokari, chini ya sakafu, kama mfupa wa mgongo.

Tatu, bomba la chuma latokea nyuma, karibu na sanduku la vitesi. Hapo tena pana kipande cha bomba la mpira, kwa sababu moteri hutikisika, na chuma kitupu kingevunjika.

Nne, yafika kwenye pompi. Ndani ya pompi mna kipande chembamba cha mpira, kimewambwa kama ngozi ya ngoma. Moteri ikizunguka, ngozi hiyo hupanda na kushuka. Ikishuka huvuta esanse, ikipanda huisukuma.

Tano, kutoka pompi yapita katika bomba jingine la mpira hata kwenye kaburateri, kifaa kinachochanganya esanse na hewa ili iwake ndani ya moteri.

Shikeni vizuri jambo hili: kabla ya pompi, esanse huvutwa, baada ya pompi, esanse husukumwa. Mtaona baadaye faida ya kulijua.

4. Kabla ya kugusa ufunguo wa nati

Fundi hakuanza kwa kufungua. Alianza kwa kuondoa hatari.

Aliwaita vijana wawili, wakaisukuma motokari kwa mikono mpaka uwanjani, mbali na nyumba, mahali penye kivuli na upepo. Hakuwasha moteri ili kuihamisha. Kisha wakaingoja ipoe, maana bomba la moshi lililo moto huweza kuiwasha esanse.

Akaondoa kiti cha nyuma. Katika Coccinelle, batri iko chini ya kiti hicho. Akafungua waya wa batri upande wa alama ya kutoa, akausukuma kando usiguse chuma. Bila umeme hakuna cheche.

Mama mmoja alikuwa akikaanga mandazi karibu na ukuta wa garaji. Fundi akamwomba kwa upole ahamishe jiko lake. Akamwambia mwalimu aiweke simu yake ofisini. Akaleta kizimamoto cha unga na ndoo mbili za mchanga mkavu.

Kijana mmoja anayejifunza kazi akauliza, "Fundi, kwa nini mchanga? Maji si yako hapo bombani?"

"Maji hayafai," akajibu fundi. "Esanse ni nyepesi kuliko maji. Ukimwaga maji juu yake, yaelea na kwenda mbali, nayo yaendelea kuwaka. Tena sanduku la moteri hii limefanywa kwa madini mepesi yenye magnesi nyingi. Magnesi ikiwaka, ukiimwagia maji huzidi ukali."

Neno la mwisho: taa. Watu wamekwisha kuungua kwa sababu ya kuchungulia mvujo kwa kiberiti au kwa taa ya petroli. Fundi alitumia tochi, naye aliiwasha mbali kabla ya kukaribia motokari.

5. Kutafuta mvujo

Fundi mbaya hutazama mahali linapoanguka tone, akasema, "Ni hapa." Fundi mwema ajua kwamba tone husafiri. Hutoka kwenye kiungo, hufuata bomba kama siafu wafuatavyo kamba, kisha huanguka mahali pengine. Na motokari ikienda, upepo huusukuma umande huo nyuma zaidi. Kwa hiyo usitafute mahali panapodondoka. Tafuta mahali pa juu kabisa palipolowa.

Kwanza akahakikisha kwamba ni esanse kweli. Akashika tone kwa karatasi nyeupe. Mafuta ya moteri huacha doa jeusi lenye utelezi, wala halikauki. Mafuta ya breki huteleza pia, na hula rangi ya motokari. Maji hayawezi kuwa, maana Coccinelle hupozwa kwa hewa, haina maji katika moteri. Tone hili lilikuwa na harufu kali, likakauka upesi likaacha alama hafifu. Ni esanse.

Pili akamwuliza mwenyewe, kama mganga amwulizavyo mgonjwa: "Baba mwalimu, harufu yaja saa ngapi?"

Swali hilo lina maana. Harufu ikija mara baada ya kujaza tangi, yafaa kutazama mpira wa mdomo wa tangi, au kifuniko cha kipimo kilicho juu yake. Harufu ikiwa mbele, ndani ya motokari, asubuhi baada ya kulala, tazama chini ya tangi. Matone yakionekana wakati moteri imezimwa, mvujo ni kwa kawaida kati ya tangi na pompi, maana tangi liko juu, na esanse yateremka yenyewe kwa uzito wake. Matone yakionekana tu wakati moteri inazunguka, shuku upande wa pili, kati ya pompi na kaburateri, ambako esanse husukumwa.

"Yanuka daima," akajibu mzee. "Hata usiku."

Tatu, fundi akapangusa mabomba yote na viungo vyote mpaka vikakauka. Akafunga kila kiungo kwa kipande cha karatasi nyeupe, akatandika boksi lililokunjuliwa chini ya motokari, mbele mpaka nyuma. Wakangoja saa moja.

Karatasi ya mbele, chini ya tangi, ilikuwa kavu. Karatasi ya nyuma, karibu na sanduku la vitesi, ilikuwa imelowa, na boksi lilikuwa na doa. Palikuwa mahali pale pale mwalimu alipofunga mpira wa baiskeli.

6. Mpira wa maji si mpira wa esanse

Fundi akaukata ule mpira wa baiskeli, akamwonyesha mzee. Ulikuwa umevimba, umekuwa laini kama ugali, nao ulinata vidoleni.

"Tazama, baba. Mpira wa gurudumu haukufanywa kwa ajili ya esanse. Esanse huingia ndani yake na kuuvimbisha. Siku ya kwanza wafunga vizuri, nawe wafurahi. Siku ya tatu umekwisha kuoza. Nao ulikuwa ukikuficha ugonjwa, usiuone ukikua."

Chini yake lilikuwapo bomba lenyewe, la mpira uliovikwa nyuzi za kitambaa. Kwa macho lilionekana zima. Fundi akalikunja kidogo kwa vidole, na nyufa zikafunguka kama midomo, esanse ikachuruzika. Kitambaa kile kilikuwa kikificha nyufa.

Mabomba ya mpira huzeeka kwa joto na kwa miaka. Tena siku hizi katika nchi nyingi huchanganya pombe ya mimea na esanse. Nchi ya Brazil, ambako motokari za aina hii ni nyingi, hutia zaidi ya robo. Pombe hiyo hula mipira ya zamani ambayo haikufanywa kwa ajili yake. Kwa hiyo motokari ya zamani yahitaji mabomba mapya ya kufaa esanse ya leo. Coccinelle ya mwisho ilifanywa katika kiwanda cha Puebla, nchi ya Mexico, mwaka 2003. Basi, hata iliyo changa kuliko zote imekwisha kupita miaka 20, na nyingi ni wazee.

7. Kulitengeneza bomba

Fundi akaanza sasa kufungua. Kazi yake ilikwenda hivi:

Alikwenda kwanza mbele, akalibana bomba la mpira chini ya tangi kwa kibanio. Kama hangefanya hivyo, tangi lote lingemwagika alipofungua nyuma.

Akaweka chombo cha bati chini ya kiungo, kipokee esanse iliyobaki katika bomba. Hakutumia kopo la jikoni, wala chupa ya kunywea, mtu asije akanywa kwa kosa.

Akalivuta bomba lililopasuka. Akasafisha ncha za mabomba ya chuma, akazipapasa kwa kidole kutafuta kutu au ncha kali.

Akapima unene wa tundu la bomba la zamani, akakata bomba jipya la tundu lile lile, bomba lililoandikwa kwamba ni la esanse. Alilikata kwa kisu kikali, sawasawa, si kwa mshazari. Likisukumwa, lilikaa juu ya chuma kwa upana wa vidole viwili hivi.

Akatia pete za kukaza pande zote mbili. Alikaza kwa kiasi. "Pete isiyokazwa huvuja," akamwambia yule kijana, "na pete iliyokazwa mno hukata mpira, nayo itavuja kesho."

Kisha akabadili mabomba mengine ya mpira pia, la mbele na lile la kaburateri, ingawa hayakuwa yakivuja. Yalizaliwa siku moja na lile lililopasuka, nayo yangekufa karibu naye.

Mahali bomba la chuma linapopita katika bati la kufunika moteri, akakuta kipete cha mpira hakipo. Bati tupu lilikuwa likisugua bomba kila moteri ilipotikisika, kama msumeno. Bomba lilikuwa bado halijatoboka, lakini mkwaruzo ulionekana. Fundi akabadili kipande kile cha bomba, akatia kipete kipya.

Tena mtu alikuwa ametia chujio cha plastiki kati ya pompi na kaburateri, kikining'inia juu ya moteri yenye joto. Fundi akakiondoa, akatia chujio jipya mbali na moteri, karibu na sanduku la vitesi. Chujio ni chema, ila juu ya moteri si mahali pake: uzito wake huvuta mabomba, na kikivunjika, esanse humwagika juu ya chuma cha moto.

8. Mvujo wa pili

Ilikuwa saa tisa. Mwalimu akasimama. "Sasa imepona, fundi. Nipe ufunguo, niende."

"Bado, baba. Tumetengeneza, hatujajaribu."

Wakaondoa kibanio. Wakatazama viungo vyote: vikavu. Wakafunga tena karatasi nyeupe, ila mbali na mkanda na vyote vizungukavyo. Wakapangusa kila kitu na kungoja mpaka harufu ikaisha. Ndipo fundi akafunga waya wa batri, akawasha moteri, na yule kijana akasimama upande na tochi yake, kizimamoto karibu na mguu.

Dakika tano zilipita, hakuna neno. Mwalimu akatazama saa yake. Ndipo kijana akasema, "Fundi, karatasi ya kaburateri imebadilika rangi."

Fundi akazima moteri mara moja, akangoja ipoe, akafungua tena batri. Akashika kwa vidole kijibomba kidogo cha shaba kinachoingiza esanse katika kaburateri. Kijibomba hicho hakikukazwa kwa hesi. Kiwandani kilisukumwa kwa nguvu tu ndani ya tundu lake. Baada ya miaka mingi ya joto na mtikisiko, hulegea. Fundi akakizungusha, nacho kikazunguka. Akakivuta kidogo, nacho kikatoka mkononi mwake.

Wote wakanyamaza.

"Ungekuwa njiani, baba," akasema fundi, "kingetoka chenyewe. Pompi haijui kama bomba limetoka. Yaendelea kusukuma esanse. Ingeimwaga juu ya moteri, karibu na kifaa kinachogawa umeme kwa mabuji, na cheche ziko pale. Na mbele ya moteri ni kiti cha nyuma."

Mzee akakaa juu ya jiwe. Katika kiti cha nyuma ndipo angekaa binti yake pamoja na mtoto.

Kwa nini mvujo huu haukuonekana asubuhi? Mkumbuke lile neno la sehemu ya tatu: baada ya pompi, esanse husukumwa. Moteri ikiwa imezimwa, hakuna msukumo, na karatasi hubaki kavu. Mvujo wa kwanza ulikuwa ukilia kwa sauti kubwa, na nyuma yake wa pili ulikuwa ukinong'ona. Kama fundi angekaza mpira tu, au kama angemaliza kazi bila kujaribu, wa pili asingeujua.

Akafungua kifuniko cha kaburateri, akakipeleka juu ya meza, akakata hesi ndani ya tundu, akatia kijibomba kipya chenye hesi. Akasafisha vumbi lote la shaba, lisizibe njia ya esanse. Akarudisha, akafunga pete, akajaribu tena dakika kumi. Kavu. Wakaizungusha motokari uwanjani, wakatazama tena. Kavu. Wakaiacha ilale pale nje na karatasi zake, na mwalimu akalala misioni. Asubuhi karatasi zote zilikuwa nyeupe. Ndipo fundi akatoa ufunguo mfukoni mwake.

9. Mavujo mengine ya kujua

Si kila mvujo waonekana chini. Ngozi ya pompi ikipasuka, mara nyingine esanse huteremka ndani ya moteri yenyewe na kuchanganyika na mafuta. Chini hapana hata tone. Lakini toa fimbo ya kupimia mafuta: utaona yamepanda kuliko zamani, ni mepesi, yanuka esanse. Moteri hiyo isiwashwe. Yafaa kubadili pompi au ngozi yake, na kumwaga mafuta yote na kutia mapya.

Kaburateri nayo ina boya dogo ndani yake na sindano. Esanse ikijaa, boya hupanda na sindano huziba mlango. Uchafu ukikwama penye sindano, mlango haufungi, esanse hufurika, na moshi wa nyuma huwa mweusi. Dawa yake ni kusafisha au kubadili sindano na kiti chake.

Na tangi lenyewe laweza kutoboka kwa kutu. Mashofere wengi wajua kuziba tundu dogo kwa sabuni ya kipande, maana esanse haiyeyushi sabuni upesi. Hiyo yaweza kuzuia upotevu hata msaada ufike, si matengenezo. Wala mtu asithubutu kulichoma kwa moto tangi lililokuwa na esanse. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke na hewa. Huweza kupasuka kama bomu mikononi mwa fundi. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye ujuzi na vyombo vya kulisafisha kwanza mpaka mvuke wote uishe.

10. Neno kwa watoto

Ninyi hamtengenezi motokari bado. Hata hivyo mwaweza kuokoa watu, mkishika mambo haya.

Mkisikia harufu ya esanse, semeni. Usione haya kumwambia mkubwa, "Baba, motokari yanuka." Yule kijana mwenye tochi aliona karatasi, akasema, kama angenyamaza kwa kumwogopa mwalimu mwenye haraka, motokari ingeondoka na ugonjwa wake.

Msivute esanse kwa mdomo kwa bomba la mpira, hata shofere akiwaomba. Hata kiasi kidogo kikiingia katika mapafu chaweza kuua. Mtu aliyemeza esanse asitapishwe. Apelekwe upesi kwa mganga.

Msinawe mikono kwa esanse, wala msiiweke nyumbani penye moto.

Na kamyo ya tangi ikianguka, kimbieni mbali, mkawaite na wengine wakimbie. Msikumbuke bidoni. Mkumbuke Sange.

Maulizo

1. Kwa nini mvuke wa esanse haupotei juu kama moshi?
2. Tajeni njia ya esanse katika Coccinelle, toka tangi hadi kaburateri.
3. Fundi alifanya nini kabla ya kufungua kitu chochote? Toeni sababu ya kila tendo.
4. Kwa nini mpira wa baiskeli haufai kufunga bomba la esanse?
5. Kwa nini mvujo wa pili haukuonekana asubuhi?
6. Hesabu: motokari yavuja tone 1 kila sekunde. Ni matone mangapi kwa siku moja? Kama matone 40 hufanya mililita 1, ni lita ngapi zinazopotea kwa siku? Na kwa siku 7?
7. Mwalimu alikuwa na haraka kwa sababu njema. Je, fundi alifanya vema kumzuia? Elezeni.

Maneno

Hesi: mzunguko uliokatwa juu ya skrubu au ndani ya tundu, ili vishikane.
Kaburateri: kifaa cha kuchanganya esanse na hewa.
Kibanio: chombo cha kubana kitu kisipite.
Mshazari: upande upande, si sawasawa.
Mvuke: kitu cha majimaji kilichogeuka kama hewa.